Ukifika Lamu na kuambiwa "Ndoo!"

Wakenya wengi waliozaliwa Nairobi au Kisumu hawajawahi kufika Lamu, na wengine huifikia mara ya kwanza wakiwa tayari wanaishi ng'ambo. Kama likizo hii ni zamu yenu, tayarisheni na masikio.

Kwa gari mnafika Mokowe, kisha mnapanda boti. Mkishuka mtakuta vichochoro vyembamba, punda wenye mizigo na milango ya mbao iliyochongwa. Tangu mwaka 2001 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Sasa lugha. Bibi akikuambia "Ndoo!" hataki ndoo ya maji. Anakuita: njoo! Wenyeji huzungumza Kiamu. Penye *nj* ya Kiswahili sanifu wao husema *nd*: njia ni *ndia*, njaa ni *ndaa*. *J* peke yake mara nyingi huwa *y* au hudondoka kabisa: moja ni *moya*, maji ni *mai*, mji ni *mui*. Na *ch* huweza kuwa *t*: macho ni *mato*, kichwa ni *kitwa*. (Si kila *ch*, lakini. Chakula ni chakula.)

Msiseme wanakosea. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu mwaka 1928. Washairi wa Lamu walikuwa wakitunga kwa Kiamu zamani kabla ya hapo. Wala usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Mwamkie bibi "Shikamoo", mjibu kwa Kiswahili chako, atakuelewa.

Zoezi, pamoja na wazazi: geuzeni kuwa sanifu *ndia moya*, *ndaa na mai*, *kitwa na mato*.