Kwa Nini Maji Huongezeka Yanapoganda?



Swali la somo hili ni fupi, lakini wengi wetu tumelipita darasani bila kulijibu. Vitu vingi vikipoa hujikunyata. Samli ikianza kuganda, pande lake huzama ndani ya samli iliyoyeyuka. Mbona basi barafu huelea juu ya maji?

Tuanze na kipimo. Tia mililita 500 za maji katika chupa ya plastiki ya lita moja, weka alama pale maji yalipofika, kisha isimamishe ndani ya friza. Kesho yake barafu itakuwa imepanda juu ya alama, na ujazo wake utakaribia mililita 545. Uzito haukubadilika. Kilichoongezeka ni ujazo tu, kwa takriban asilimia 9. Usitumie chupa ya kioo, maana huweza kupasuka.

Nimesikia wenzetu wakisema kwamba sababu ni hewa iliyonaswa ndani. Hewa huwamo kweli, na mara nyingi ndiyo inayoleta weupe katikati ya barafu. Lakini chemsha maji vizuri ili hewa itoke, kisha uyagandishe: yataongezeka vile vile. Sababu tuitafute kwenye molekuli yenyewe.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Hazikukaa katika mstari ulionyooka. Zimepinda kwa pembe ya karibu nyuzi 104.5. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na pande za haidrojeni zina chaji chanya kidogo. Kwa hiyo haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mvuto huo huitwa muungo wa haidrojeni.

Maji yakiwa kimiminika, molekuli zimo katika pilikapilika. Miungo hukatika na kuungana upya bila kukoma, na molekuli hujipenyeza katika nafasi zilizo karibu. Yanapoganda, pilikapilika hupungua na miungo hushika. Kila molekuli hushikana na majirani wanne, kwa umbali na pembe maalumu, zikafanya vyumba vya pembe sita vyenye uwazi katikati. Ni mfano wa watu waliobanana mlangoni, kisha wakaambiwa kila mmoja anyooshe mikono amshike mwenzake. Idadi yao ni ile ile, lakini sasa wanahitaji nafasi kubwa zaidi.

Mpangilio huu huanza kufanya kazi hata kabla ya kuganda. Maji yakipoa hujikunyata mpaka kufikia nyuzi 4 za Selsiasi. Chini ya hapo huanza kutanuka. Ndiyo maana maziwa ya nchi za baridi huganda kuanzia juu. Maji ya nyuzi 4, yaliyo mazito kuliko mengine kwa ujazo ule ule, hubaki chini, na samaki huishi humo mpaka baridi ipite. Barafu iliyo juu nayo hupunguza kasi ya joto kutoka.

Nguvu hiyo tunayo hata huku kwetu kwenye ikweta. Katika vilele vya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, maji huingia katika nyufa za miamba, huganda baridi inapozidi, na huusukuma mwamba mpaka ukapasuka.

Nimalizie na nasaha. Katika mihadhara yetu sifa hii hutajwa mara nyingi kuwa ni ya maji peke yake. Si hivyo. Silikoni, bismuthi na gali nazo hutanuka zinapoganda. Hekima ya Muumba haihitaji kutiwa chumvi nasi. Mwanafunzi wa fizikia aliyeketi nyuma akigundua kosa hilo, atatilia shaka hata yale ya kweli tuliyoyasema kabla yake. Elimu ni amana. Anayeibeba na aifikishe kama ilivyo.

Wabillahi tawfiq.