Swali la Nderitu



Wangari Maathai mnamjua kwa miti. Hebu turudi nyuma, Ihithe huko Nyeri, mwishoni mwa miaka ya 1940. Wangari ni msichana mdogo, kazi yake kumsaidia mama. Siku moja Nderitu, kakake mkubwa, akamwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu. Basi, akapelekwa. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi. 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akapanda miti na akina mama wa vikundi kama vyetu. 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nderitu hakutoa pesa. Aliuliza tu. (Na mama naye tumpe haki yake: angeweza kumwambia kijana anyamaze.)

Sasa upande mwingine. Katika kikundi kimoja nilichotembelea karibu na Eldoret, mama mmoja alichelewesha mchango. Mwenzake akatania, "Wewe hata kuku wako wanalala njaa." Watu wakacheka. Hakurudi tena, na hakuna aliyemfuata.

Mjadiliane: Kwenu ni nani aliacha kuja? Siku ile ya mwisho aliambiwa nini? Nani atamtembelea wiki hii?