Kufundisha Mpira kwa Michezo

Mwaka jana mwalimu wetu wa michezo aliniita akanipa kazi ya kuwafundisha mpira wavulana wa kidato cha kwanza, mara mbili kwa juma, baada ya masomo. Nilifurahi sana, maana nilidhani kwamba mtu ajuaye kucheza anajua na kufundisha. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyokosea na jinsi nilivyoonyeshwa njia iliyo bora, ili wenzangu watakaokuja nyuma yangu wasirudie kosa langu.

Kiwanja chetu hapa Giheke wanafunzi wa zamani wanakikumbuka. Kiko juu ya kilima, na upande mmoja umeinama. Mpira ukitoka upande ule hushuka mpaka migombani, na aliyeupiga ndiye hushuka kuufuata. Wavulana wangu walikuwa 24, na mipira ya ngozi ilikuwa 2 tu. Basi niliwapanga mistari miwili, watu 12 kila mstari. Mbele ya kila mstari nilisimika vijiti. Mmoja alikimbia na mpira akivizunguka vijiti, akapiga golini, akarudi nyuma ya mstari. Ndipo wa pili akaanza. Mimi nilisimama na filimbi shingoni nikajiona mwalimu kamili.

Siku moja mwalimu alikuja akakaa pembeni na saa yake. Tulipomaliza aliniambia, "Hebu tufanye hesabu. Kila zamu inachukua sekunde 20. Mstari una watu 12. Mtoto anaupata mpira kila baada ya dakika ngapi?" Nikajibu, "Dakika 4, Mwalimu." Akasema, "Kwa hiyo katika nusu saa anaupata mara 7, au 8 akiwa na bahati. Muda wote uliobaki anajifunza nini?" Sikuwa na jibu. Akajibu mwenyewe, "Anajifunza kungoja."

Hata hivyo sikumsikiliza mara moja. Juma lililofuata tulicheza na kidato cha pili, tukafungwa mabao 5 kwa 0. Wale waliovizunguka vijiti vizuri kabisa walinyang'anywa mpira mara tu adui alipowakaribia, kwa kuwa kijiti hakisogei wala hakinyoshi mguu. Nilikasirika. Mbele ya wote nilimwambia beki mmoja, mtoto mdogo wa mwili, kwamba yeye hafai na amewapotezea wenzake. Mazoezi yaliyofuata hakuja. Nilimwona ameketi kwenye ukingo wa migomba, akitutazama.

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba anifundishe. Alinieleza kwamba kosa langu si langu peke yangu. Mwaka 1982 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, waliandika juu ya jambo hilo hilo. Waliona kwamba wanafunzi hufundishwa kupiga na kupokea mpira peke yake, lakini wakiingia mchezoni hawajui lini wapige wala wampe nani. Wakashauri kwamba mwanafunzi aanze na mchezo wenyewe, uliofanywa mdogo na mwepesi, apate kufahamu kwanza. Kisha afundishwe ufundi anapouona umuhimu wake.

Basi tukaanza upya. Mipira miwili haikutosha, kwa hiyo wavulana walitengeneza miwili mingine kwa majani makavu ya migomba na kamba, kama walivyozoea nyumbani. Nikawagawa makundi 4 ya watu 6, kila kundi na mpira wake. Hapa nitaeleza michezo mitatu tuliyoipenda.

Wa kwanza ni Watu Kati. Pima mraba wa hatua 8 kila upande. Wanne hukaa pembeni, mmoja kila upande, na wawili huingia kati. Wa pembeni hupeana mpira, wa kati huwinda. Anayepoteza mpira huingia kati badala ya aliyeunasa. Wakishazoea, weka sheria kwamba mtu auguse mpira mara mbili tu. Hapo mtoto analazimika kutazama wenzake kabla mpira haujamfikia, maana ukishafika hana nafasi ya kufikiri.

Wa pili wavulana wenyewe waliuita Kuvuka Rusizi. Chora vipande viwili vya ardhi vilivyofuatana, kila kimoja hatua 6 kwa upana, na katika kila kipande weka mamba mmoja asiyeruhusiwa kutoka ndani yake. Wawili husimama ng'ambo hii na wawili ng'ambo ile. Wawili wa kwanza huvuka na mpira, wakifika huwapa wenzao, nao hurudi nao. Aliyenyang'anywa huwa mamba. Kila mara wawili hukabiliana na mmoja, kwa hiyo mwenye mpira ana shauri la kukata: mamba akinijia mimi, nimpe mwenzangu; akimwendea mwenzangu, nipite mwenyewe. Kijiti hakiwezi kumfundisha mtu jambo hilo.

Wa tatu ni Malango Manne. Kiwanja ni hatua 30 kwa 20, timu mbili za watu 6. Kila timu hulinda malango mawili madogo, moja kila pembe ya upande wake, wala hakuna golikipa. Mnajua ya kuwa watoto hukimbilia mpira wote pamoja kama nyuki. Ukiwaambia "tawanyikeni" hutawanyika kwa dakika moja, kisha hurudi. Lakini penye malango mawili, timu inayosongamana upande mmoja hufungwa upande wa pili. Baada ya mabao machache walitawanyika wenyewe, wala sikupiga kelele.

Msidhani kwamba mwalimu akishagawa mipira amemaliza kazi. Kazi yake ni tatu. Kwanza, kubadili mchezo: ukiwa mwepesi mno apunguze kiwanja, ukiwa mgumu akipanue. Pili, kuusimamisha mara chache na kuuliza, "Mpira umepotea kwa nini? Nani alikuwa wazi?" Awaache wajibu, kisha warudie pale pale. Tatu, kusahihisha mguu. Mtoto aliyekwisha kuona mwenzake yuko wazi, lakini mpira ukaenda kombo, huyo sasa anataka kujua namna ya kupiga kwa upande wa ndani wa mguu. Mwonyeshe wakati huo, naye hatasahau.

Sasa nirudi kwa yule mtoto. Siku moja kundi moja lilibaki na watu 5, kwa kuwa mwenzao aliugua. Nikamfuata kule migombani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naye kumi na mitatu, na maneno yalikuwa magumu kutoka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile nilikosa mimi. Nilikutuma kazi nisiyokufundisha. Njoo, tunahitaji mtu wa sita." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, nitacheza, lakini usinisemeshe mbele ya watu." Nikakubali.

Hakuwa na mbio, wala shuti lake halikuwa na nguvu. Lakini katika Malango Manne yeye ndiye aliyeliona lango lililo tupu kabla ya wengine. Miezi yote ile nilikuwa na mchezaji mwenye macho, nami sikumjua, kwa sababu mstari na vijiti haviulizi mtu anaona nini.

Wavulana wetu wamekua wakisikia habari za Jimmy Gatete, aliyeifunga Ghana mjini Kigali mwaka 2003, Rwanda ikaenda Tunisia kwenye Kombe la Afrika la 2004. Kila mmoja anataka kuwa yeye, na ni vizuri. Lakini bao hutanguliwa na mtu aliyeona nafasi akautuma mpira mahali panapofaa, naye huyo lazima afundishwe pia.

Mwisho wa muhula tulicheza tena na kidato cha pili. Tulifungwa 2 kwa 1. Sitawaambia kwamba tulishinda, maana hatukushinda. Lakini bao letu lilitoka kwa pasi ya yule mtoto, na wavulana walitoka kiwanjani wakiulizana mpira ulipotelea wapi, wala hawakulaumiana.

Wenzangu, likizo inakaribia, na wengi wetu tutarudi vilimani kwetu tukute wadogo zetu wakicheza barabarani. Wapimieni kiwanja kidogo kwa hatua, wagaweni, waulizeni maswali. Nanyi wanafunzi wa zamani, hasa mlio walimu, mkitaka kuikumbuka shule yenu, msituletee kikombe cha kuweka kabatini. Tuleteeni mipira minne. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje taratibu asije akavunjika.