Kodi ya Jengo Ni ya Mwenye Jengo

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Fedha ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba twaiita kodi. Na fedha ambayo mwenye nyumba hutozwa na Serikali twaiita vilevile kodi. Labda ndiyo sababu watu wengi katika miji ya Tanzania wamezoea kuona ile ya pili ikitoka katika mfuko wa yule anayelipa ya kwanza.

Yafaa tueleze habari hii tangu mwanzo. Kodi ya majengo hutozwa mwenye jengo kwa ajili ya jengo lenyewe. Si kodi ya ardhi. Hiyo ni ya kiwanja, nayo hulipwa mbali, hata kama kiwanja hakijajengwa. Kwa miaka mingi kodi ya majengo ilikusanywa na halmashauri za miji, na mwaka 2016 ikakabidhiwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Ankara zilipelekwa, na nyingi hazikulipwa. Ndipo Agosti 2021 Serikali ilipoifungamanisha na mita ya umeme: anunuaye umeme wa LUKU hukatwa kodi kwanza, ndipo apewe yuniti zake. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ikawa shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa nyumba ya ghorofa mjini, kila sakafu ilipangiwa 90,000 kwa mwaka. Asiyenunua umeme kwa miezi mitatu asidhani ameponea. Deni humngoja, na siku atakaponunua hukatwa lote pamoja.

Kwa mkusanyaji njia hii ni nyepesi, wala hatuilaumu. Ila mita haimjui mwenye nyumba. Humkata yeyote ailishaye fedha, naye mara nyingi ni mpangaji. Sheria haikumgeuza mpangaji kuwa mlipaji. Imepita mkononi mwake tu. Hebu tuhesabu. Mpangaji aliyekaa katika nyumba ya kawaida tangu Agosti 2021 hata Juni 2025, na mita iko mikononi mwake, amekatwa shilingi 23,000 kwa miezi ishirini na mitatu ya kwanza, na 36,000 kwa miaka miwili iliyofuata. Jumla ni shilingi 59,000, na zote ni deni la mwenye nyumba.

Tunajua jibu litakalotolewa: “Hayo nimekwisha kuyahesabu katika kodi ya chumba.” Ikiwa yameandikwa katika mkataba, na mpangaji alitia sahihi akiyajua, hatuna neno. Ikiwa hayakuandikwa, basi mpangaji na atunze risiti za umeme, na siku ya kulipa kodi ya chumba wapatane kiasi hicho kipunguzwe. Lakini tusimtwike mpangaji mzigo wote wa kudai. Yeye huogopa kutaja shilingi 1,500 asije akaambiwa atafute chumba kwingine. Apaswaye kuanza mazungumzo ni mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye asiye na la kupoteza.

Liko jambo jingine. Nyumba moja yaweza kuwa na mita tatu au nne, kila mpangaji na yake. Kodi ya nyumba ya kawaida ni moja, si moja kwa kila mita. Zikikatwa mita tatu, nyumba hiyo inalipa 4,500 kwa mwezi mahali pa 1,500. Mwenye nyumba na aende ofisi inayohusika na namba za mita zote, ili kodi ibaki katika mita moja tu.

Nyumba za udongo na za nyasi zimesamehewa. Vivyo hivyo nyumba za ibada, ila si vyumba vya maduka ambavyo parokia imevipangisha. Maparoko wenzetu wasisahau. Tena mzee aliyetimiza miaka 60 amesamehewa kwa nyumba moja, ile anayokaa mwenyewe. Na mlemavu asiye na kipato pia. Hapa ndipo wazee wetu wanapoumia, kwa maana msamaha huu haujileti. Mita haijui umri wa mtu. Wako akina bibi wanaokatwa kila mwezi hali sheria imekwisha kuwaachilia, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Bibi akienda kuuomba achukue kitambulisho chake, hati au karatasi za nyumba, na namba ya mita; na mjukuu mmoja amsindikize, kwani foleni huenda ikawa ndefu.