Dondoo muhimu: Spea nafuu za Lexus ya zamani

Lexus RX 300 ya 1998 hadi 2003 ni pacha wa Toyota Harrier ya kizazi cha kwanza, kwa hiyo usilipe bei ya Lexus kwa spea ambayo Harrier pia inaitumia.

1. Nenda dukani na nambari ya chesisi. Mwaka wa gari peke yake hupotosha.
2. Soma nambari kwenye spea ya zamani: Toyota kwa kawaida hutumia nambari ya tarakimu 10, na 5 za mwanzo hutaja aina ya spea.
3. Linganisha nambari yote. 04465 ni pedi za breki za mbele, lakini si za kila gari.
4. Kwa injini ya RX 300, yaani 1MZ-FE, ulizia pia plagi na sensa za Toyota Camry na Kluger, kisha hakiki nambari.
5. Tafuta Denso na Aisin. Ni watengenezaji wanaoiuzia Toyota yenyewe.
6. Angalia upande wa usukani kabla ya kununua raki, taa au dashibodi.
7. Usidhani kila taa, bampa au nembo ya Harrier itafaa RX 300. Kwenye mwonekano wa nje ndipo magari haya huweza kutofautiana.
8. Usinunue mtumba wa pedi za breki, mkanda wa taimingi wala mifuko ya hewa.
9. Usitupe spea ya zamani kabla mpya haijafungwa na kujaribiwa.
10. Dai risiti yenye nambari ya spea na ahadi ya kubadilishiwa.

Ukikosa uhakika wa nambari, usilipe.