Betri Mpya, Tatizo Lilelile: Kupima Mfumo wa Kuchaji wa Gari Kabla ya Kulipa

Gari likigoma kuwaka alfajiri, kitu cha kwanza kulaumiwa huwa ni betri. Mwenye gari hununua betri mpya, injini huunguruma, naye huondoka akiwa ameridhika. Baada ya siku mbili au tatu gari hugoma tena. Fedha zimekwenda, na ugonjwa umebaki palepale kwa kuwa uliotibiwa haukuwa ugonjwa wenyewe.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti hasara hiyo haiishii mfukoni. Gari lisilochaji laweza kuzimika usiku kati ya Nyamongo na Mugumu likiwa na mgonjwa ndani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, msafiri haruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, hivyo gari likizimika humo atalazimika kusubiri msaada akiwa ndani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kutambua chanzo cha tatizo, na mambo ambayo mlaji anapaswa kuyadai kabla ya kutoa fedha yake.

Mfumo unavyofanya kazi

Betri ni mtungi. Altaneta ndiyo bomba linaloujaza. Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha staata. Injini ikishawaka, altaneta huzungushwa na mkanda, ikazalisha umeme wa taa, feni na vifaa vingine, na kurudisha chaji iliyotumika. Ndani yake, dayodi huugeuza umeme huo uwe wa mkondo mmoja, na regulata huzuia volti zisipande kupita kiasi. Altaneta ikifa, gari huendelea kwenda kwa kutumia akiba ya betri hadi iishe. Ndiyo maana betri mpya huficha tatizo kwa muda mfupi tu.

Dalili

Taa yenye alama ya betri kwenye dashibodi inapaswa kuwaka swichi inapofunguliwa na kuzimika injini inapowaka. Ikiwaka safarini, gari halichaji ipasavyo. Isipowaka kabisa swichi inapofunguliwa, huenda balbu au waya wake umekatika, na katika magari mengi ya zamani hitilafu hiyo yaweza kuizuia altaneta kuanza kuchaji. Dalili nyingine ni taa kufifia, mkanda kulia, na harufu ya mpira unaoungua. Maji ya betri yakipungua haraka pamoja na harufu ya yai bovu, huenda betri inachajiwa kupita kiasi.

Hatua za upimaji

Kabla ya kuanza, vua pete na saa, usivute sigara karibu na betri, na weka nguo mbali na mkanda unaozunguka. Gesi inayotoka kwenye betri yaweza kulipuka. Vipimo vifuatavyo ni vya gari la volti 12. Kwa gari la volti 24, zidisha kwa mbili vipimo vya hatua ya 2 hadi ya 4.

1. Injini ikiwa imezimwa, kagua mkanda kama umelegea, umepasuka au unang'aa. Kagua vichwa vya betri kama vina ungaunga mweupe au wa kijani, kisha waya wa ethi na fyuzi kubwa. Mitikisiko ya barabara ya vumbi hulegeza viungo, na kukaza nati moja kwaweza kumaliza tatizo lote.

2. Pima betri baada ya gari kupumzika kwa saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 imepungua, 12.0 au chini yake inahitaji kuchajiwa kwanza ndipo upimaji uendelee.

3. Washa injini na upime tena. Kwa kawaida volti huwa kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki kama za awali au zikishuka, betri haichajiwi. Zikizidi 15, ishuku regulata. Baadhi ya magari mapya hubadilisha volti kwa kompyuta. Kwa hayo, fundi afuate kitabu cha gari.

4. Washa taa kubwa na feni, kisha ongeza mwendo wa injini kidogo. Volti zisishuke chini ya 13.

5. Vifaa hivyo vikiwa bado vinawaka, pima kutoka nati ya umeme ya altaneta hadi kichwa chanya cha betri. Tofauti isizidi volti 0.3. Pima pia kutoka bodi ya altaneta hadi kichwa hasi, isizidi 0.2. Ikizidi, kosa liko kwenye waya au viungo, na altaneta nzima isibadilishwe bure.

6. Vipimo vyote vikiwa sawa na bado gari halina umeme asubuhi, betri ipimwe kwa mzigo. Pia itafutwe taa, redio au king'ora kinachonyonya umeme gari likiwa limefungwa.

Usikubali betri ing'olewe injini ikiwa inawaka ili "kuijaribu altaneta". Volti hupanda ghafla na zaweza kuunguza dayodi, regulata na kompyuta ya gari.

Taa ya betri ikiwaka safarini, zima vifaa usivyovihitaji, usizime injini, na elekea mahali salama. Hata hivyo, tazama geji ya joto: katika magari mengine mkanda uleule huzungusha pampu ya maji. Joto likipanda, simama.

Haki na tahadhari za mlaji

Mwambie fundi aandike vipimo vya kabla na baada ya kazi. Uliza kama altaneta yaweza kutengenezwa, kwa kuwa kaboni, beringi na regulata mara nyingi hupatikana peke yake. Dai urudishiwe kifaa cha zamani. Unaponunua betri, tazama tarehe ya kutengenezwa, na dhamana iandikwe, kwa kuwa ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Dai risiti ya EFD. Anayevuka Sirari kununua vipuri Isebania akumbuke kuwa kumdai muuzaji aliye nje ya nchi ni kazi ngumu zaidi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inagusa ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa matumizi. Ukiuziwa kifaa kibovu au bandia, anza kwa muuzaji ukiwa na risiti na vipimo vyako. Akikataa, peleka lalamiko la maandishi kwa Ofisa Biashara wa halmashauri yako au kwa Tume ya Ushindani. Lalamiko lenye namba na tarehe husikilizwa kwa wepesi kuliko lenye manung'uniko matupu.