SOMO: SANDUKU LILILOACHWA STOO

Kila karakana ina kazi iliyoachwa njiani. Kabati lisilo na milango, kitanda kisicho na miguu, mbao zilizokatwa zikaegemezwa ukutani. Aliyeanza amehama, amezeeka au amefariki. Wanaobaki hujiuliza: tuimalize au tuitupe? Katika somo hili tutachukua mfano wa Marekani, kuhusu kinanda cha kale kiitwacho hapsikodi. Mfano unatoka mbali, lakini mtu yeyote aliyewahi kushika randa atauelewa.

Hapsikodi ni nini?

Kwa kuitazama, inafanana na piano. Tofauti ni hii: piano hupiga nyuzi kwa nyundo ndogo, lakini hapsikodi huzidonoa, kama vile mpiga nyatiti anavyodonoa kwa vidole. Ukibonyeza kibao, kijiti chembamba huinuka. Kijiti kina ulimi mdogo, na ulimi una ukucha unaodonoa uzi. Kijiti kikishuka, ulimi hurudi nyuma kidogo ili ukucha upite bila kudonoa tena, kisha kipande cha kitambaa hugusa uzi na kuunyamazisha. Zamani ukucha ulichongwa kutoka unyoya wa ndege kama kunguru. Siku hizi wengi hutumia plastiki.

Hapsikodi ilienea sana Ulaya kabla piano haijachukua nafasi yake katika karne ya 18 na ya 19. Katika karne ya 20 watu wakaitaka tena, lakini ya kununua ilikuwa ghali. Wolfgang Zuckermann, aliyezaliwa Berlin mwaka 1922 na kuhamia Marekani mwaka 1938, alikuwa fundi wa vinanda huko New York. Karibu mwaka 1960 alianza kuuza sanduku lenye vipande na maelekezo, kwa dola 150, ili mtu ajiundie mwenyewe nyumbani. Maelfu waliagiza. Frank Hubbard wa Boston naye aliuza vipande vya kuunda hapsikodi iliyofuata ile ya Pascal Taskin, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1769.

Basi si wote walioagiza waliojenga. Tuseme mzee amefariki, watoto wanasafisha nyumba, na kumbe nyuma ya stoo kuna sanduku ambalo baba alilinunua zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kulitupa kunauma, maana ni ndoto ya baba. Kulichukua nako ni kujifunga kwa mamia ya saa za kazi. Wafanyeje? Tufuate hatua hizi.

1. Tafuta mchoro kwanza

Kabla ya kufurahia mbao, tafuta mchoro na kitabu cha maelekezo. Humo ndimo mna vipimo, unene wa kila uzi na mahali pa kila kigingi. Bila mchoro, ulicho nacho ni kuni nzuri tu. Mchoro pia utakuonyesha ni sanduku la aina gani. Yale ya kwanza ya Zuckermann yalikuwa ya ubavu ulionyooka na mbao nene. Yeye mwenyewe, katika kitabu alichotoa mwaka 1969, alikosoa hapsikodi nzito za wakati wake, zikiwemo zake. Masanduku yaliyokuja baadaye yalifuata zaidi ala za kale, zenye mbao nyembamba na ubavu uliopinda. Usidai sauti ya aina moja kutoka kwa nyingine.

2. Hesabu na uandike

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua orodha, toa kila kipande, weka alama. Hapsikodi yenye vibao 61 na safu mbili za nyuzi inahitaji vijiti 122. Ukipata 119, ni afadhali ujue leo kuliko siku ya mwisho.

3. Tenga kinachodumu na kilichokufa

Hapa wengi hukosea, ati sanduku halijafunguliwa kwa hivyo kila kitu ni kipya. La. Gundi ya miaka hamsini itupe, hata kama chupa imejaa. Waya wa chuma uliopata kutu utakatika ukiukaza, kwa hivyo nunua mpya kwa vipimo vya mchoro. Kitambaa cha sufu huliwa na nondo. Plastiki ya zamani huweza kuwa kavu na kuvunjika, basi jaribu vijiti vichache kwanza.

Lakini mbao! Mbao zilizokaa mahali pakavu miaka yote hiyo zimetulia. Ikiwa hazikupinda wala kupasuka wala kuliwa na wadudu, hizo ndizo mali yenyewe. Waya na gundi hununuliwa tena kwa urahisi kuliko mbao kama hizo.

4. Jihadhari na unyevu

Ubao wa sauti ndio moyo wa hapsikodi. Ni mwembamba, kama milimita 3 hivi, na mara nyingi ni wa mti wa sprusi, jamii ya misonobari. Sisi sote tunajua mlango unaogoma kufunga wakati wa masika na kuacha mwanya wakati wa kiangazi. Ubao huu nao hupanuka na kusinyaa vivyo hivyo. Ukiugandisha wakati hewa ina unyevu, hewa ikikauka utataka kusinyaa na hauna pa kwenda, utapasuka. Ndiyo sababu mafundi huugandisha wakati hewa ni kavu. Hewa ikipata unyevu baadaye, utainuka kidogo tu, nao utakuwa salama.

5. Kagua kazi ya ndani

Piano ya kisasa ina fremu ya chuma inayobeba mvuto wa nyuzi, ambao hupita tani 15. Hapsikodi ya kale haina. Mvuto wake ni mdogo zaidi, lakini ni mamia ya kilo, na hubebwa na mbao na gundi peke yake. Viungo vya ndani vikiwa dhaifu, sanduku zima litajikunja polepole, miaka michache baada ya watu kushangilia.

Kwa hivyo, ikiwa aliyetangulia alianza kazi, usiendelee tu pale alipoishia. Jaribu kila kiungo alichogandisha. Kinachocheza, kifungue, kisafishe, ukigandishe upya na ukibane kwa klampu. Inauma kubomoa kazi ya marehemu, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubao wa sauti ukishafunika ndani, hakuna atakayeweza kurudi huko kwa urahisi.

Uamuzi

Sasa wale watoto wanaweza kuamua bila kubahatisha. Mchoro upo na mbao ni nzima? Wachukue kazi, wapange siku moja kila wiki, wamalize hatua moja kabla ya kugusa nyingine. Mchoro haupo na mbao zimepinda? Wampe fundi zile mbao chache nzuri, wala wasione haya. Kumheshimu baba si lazima kumaliza kila alichonunua. Lakini wasirudishe sanduku stoo bila kuamua. Hivyo watakuwa wamewaachia wajukuu swali lile lile, na mbao zilizozeeka zaidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika karakana yenu kuna kazi gani iliyoachwa? Mchoro wake uko wapi?
2. Mkihesabu leo, ni kipi kingali kizima na ni kipi cha kununua upya?
3. Ni kiungo gani cha ndani ambacho hakuna aliyekikagua?
4. Nani ataamua, na lini?